Kibao Kinachomsubiri Mwenyewe

Meneja alikuja mwenyewe mpaka mlangoni pa kibanda cha rangi, na hilo peke yake lilimtia mwandika vibao wasiwasi. Siku zote alikuwa akituma mtu. Mkubwa akikujia kwa miguu yake, ujue ana neno ambalo hataki lipite mdomoni mwa mwingine.

"Mama Rangi, salama?"

"Salama, meneja. Karibu. Angalia hapo usiegemee, rangi bado mbichi."

Meneja alicheka kidogo, akavuta bega lake. Kibandani humo vibao vilikuwa vimeegemezwa ukutani, vyote vikitazama ukuta, kama watoto waliopewa adhabu. Ndivyo walivyofanya waandika vibao wa bustani ile ya wanyama tangu zamani: maandishi yasiyokuwa mahali pake hayaachwi yakitazama watu. Vingi vilikuwa vimeletwa kutengenezwa. Wageni wakorofi walipenda kukwangua herufi za mwanzo za USIWALISHE WANYAMA, ikabaki WALISHE WANYAMA. Kazi ya mwanamke huyu ilikuwa kurudisha katazo mahali pake, kuosha vinyesi vya ndege, kupiga msasa na kupaka upya kilichofifia.

"Jumamosi tunafungua jukwaa la mamba kwa wageni," alisema Meneja. "Watapanda kwa tiketi ya peke yake, wasimame karibu na mlishaji, waone nyama inavyorushwa, wapige picha. Nataka kibao kizuri pale jukwaani. Andika hivi." Akatazama juu kwenye bati, kama mtu aliyebandikiwa maneno darini. "Mbao za jukwaa hili ni chakavu. Unapanda kwa hiari yako."

Mama Rangi alibaki ameshika brashi bila kuichovya.

"Meneja, si ndiyo ile habari aliyoileta mume wangu? Kwamba ubao wa ukingoni umeoza?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Tumeisikia. Ndiyo maana tunaweka kibao."

"Si ungewekwa ubao?"

"Mama Rangi." Alilitamka jina hilo kwa upole, kama anayemlaza mtoto. "Seremala tulimwachisha, unajua. Mbao za matengenezo hazipo. Kibao kipo. Mtu akionywa, ameonywa. Wewe niandikie herufi nyekundu, za kupendeza."

Akaondoka akiwa ameinua suruali isiguse ndoo.

Sasa, ubao wa ukingoni ulikuwa ndio ubao aliokanyaga mumewe kila alipolisha. Watu walimwita Kimya, kwa kuwa maneno yake yalikuwa ya kuhesabiwa, na alikuwa amelisha mamba kabla hata hajaoa. Kutoka ubao ule tu ndipo nyama ilipofika kwenye kina. Kazi yake na ya mkewe ndizo zilizowapa chumba na ukumbi mdogo katika nyumba za watumishi nyuma ya ukuta wa bustani, wao na mama yake Kimya. Zikiondoka kazi, na mlango unaondoka.

*

Bwana Stoo alimwacha Mama Rangi amesimama juani mpaka alipomaliza soda yake. Aliinywa taratibu, akaitikisa chupa kuhakikisha hakuna kilichobaki, akapiga mbweu, ndipo akauliza, "Umesema unataka nini vile?"

"Kipande cha bati au mbao nyembamba. Ya kibao cha jukwaa la mamba."

"Aa, hicho! Hicho kina amri ya juu." Akaingia ndani, akatoka akiburuta ubao mzima wa mti mgumu, mzito, uliopigwa randa mpaka ukang'aa. Haukuwa na ufa wala jicho la tawi. "Beba."

Mama Rangi aliupapasa. "Mzuri hivi, wa kuandikia tu?"

"Wageni wa tiketi kubwa watausoma. Hutaki wasome kwenye takataka."

"Bwana Stoo, mume wangu alikuja hapa mlangoni kuomba ubao. Ukamwambia hakuna."

"Yeye aliomba ubao wa kukanyaga, dada. Huu ni wa kusoma. Mafungu mawili tofauti." Akamtazama kwa huruma ya mtu mwenye funguo. "Mimi sikuyapanga mambo haya. Mimi ni mlango tu. Nikifunguliwa, nafunguka."

"Basi mlango wenyewe usaidie kunitwika."

Alicheka, akamtwika. Mama Rangi alivuka bustani na mzigo ule kichwani, akipita mbele ya wageni waliompisha. Mzee mmoja alimwita mkewe amtazame, kana kwamba naye alikuwa mnyama aliyetolewa nje kupunga upepo.

*

Jioni ile Bi Mkubwa, mama yake Kimya, alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele kwenye ungo. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, lakini vidole vyake havikupitwa na jiwe.

"Mwanangu," alimwuliza Kimya, "leo umerudi unanuka matope. Umeanguka?"

"Hapana, mama. Nililala kifudifudi jukwaani, nikachungulia chini."

"Kuna nini chini?"

Kimya alinawa mikono kwanza. Alinawa kwa muda mrefu.

"Shangazi amehama," alisema.

Shangazi lilikuwa jina la mamba mkubwa kuliko wote. Watumishi walimwita hivyo kwa kuwa, kama shangazi wa mume, akishafika na kukaa haagi, na alikutazama kutwa nzima bila kusema kosa lako ni lipi. Miaka yote alilala kwenye mchanga upande wa jua. Kila mgeni aliyepiga picha bwawani alimpiga pale.

"Amehamia wapi?" aliuliza Mama Rangi.

"Chini ya ubao wangu. Wengine wakisikia ndoo ya nyama ndio wanakuja. Yeye haji, kwa kuwa haondoki. Yupo pale tangu asubuhi. Nikikanyaga, ubao unalia, naye anafumbua macho."

"Labda anafuata kivuli."

"Kivuli kiko kwingi bwawani, mke wangu."

Bi Mkubwa aliacha ungo. "Mnyama hajui kusoma," alisema, "lakini kusubiri anajua kuliko sisi." Kisha akakumbuka kwamba maneno mengine hayasemwi mbele ya chakula, akaanza kumwomba Mungu kwa sauti ya chini, midomo ikicheza. Mama Rangi hakupata nguvu ya kusema habari ya ubao mzuri uliokuwa kibandani. Aliwapakulia, akajipakulia, akala kama anayetafuna karatasi.

*

Kuna jambo ambalo watumishi wa bustani ile hawakumwambia mgeni wala meneja. Kila kibao cha onyo kilikuwa na mwenyewe. USITIE MKONO pale kwa fisi kilikuja baada ya vidole vya mfagizi. USIPANDE UKUTA kilikuja baada ya kijana aliyetaka kuonekana shujaa mbele ya mchumba wake. Damu ilitangulia, kibao kikafuata, na hapo mambo yalikuwa yamekwisha. Ungeweza kuegemea kibao cha namna hiyo ukala karanga zako.

Lakini kibao kilichotangulia damu, walisema, hicho kinamsubiri mwenyewe. Na kikishawekwa mahali pake kisishushwe, maana anayekishusha amekipokea. Mwandika vibao wa zamani, aliyemfundisha Mama Rangi kazi, aliwahi kulazimishwa kuandika NGAZI INATELEZA kwenye dari la kuwekea majani ya twiga, wakati hakuna aliyeteleza. Msukuma toroli mmoja kikamkera, akaking'oa apate kupita. Mvua za mwaka ule hazikuisha kabla hajateleza akafa. Mkewe aliletewa kwanza viatu vya mpira ndani ya gunia, na habari ikaja baadaye. Viatu hutangulia siku zote. Watu huona aibu kumkabili mwanamke mikono mitupu.

Kwa mtu wa dini hayo ni maneno ya kuzibia masikio, na Mama Rangi alikuwa mtu wa dini. Ajali ina Mungu wake, haina haja ya rangi. Hata hivyo, siku alipoulaza ule ubao mezani, akaupaka rangi nyeupe ya chini, ikakauka, akapiga mistari kwa uzi wa chaki, mkono wake haukutaka kuanza herufi ya kwanza.

Alianza. Mkono wa mfanyakazi una akili zake. MBAO ikatoka, ZA ikatoka, na zote zikakaa sawa kama meno. Alikuwa kwenye neno la mwisho mlango ulipotiwa kivuli na mlisha ndege, mtu mwembamba aliyeitwa Kasuku, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya ulimi wake.

"Shemeji! Hivi ulisikia yule korongo wangu amempokonya mgeni miwani? Sasa anatembea nayo mdomoni kama mwalimu mku..." Akanyamaza. Alikuwa ameyasoma maandishi. "Nani kaumia?"

"Hakuna."

"Jukwaa la mamba. Nani kaumia, Mama Rangi?"

"Nimekwambia hakuna aliyeumia. Meneja ameagiza."

Kasuku alirudi nyuma hatua moja, akatoka kwenye kizingiti. "Basi hiki ni cha nani?"

Mama Rangi alimalizia herufi ya mwisho. Alipogeuka, mlango ulikuwa mtupu na Kasuku hayupo, naye hakuwa mtu wa kuondoka bila kuaga.

Rangi nyekundu waliyopewa na stoo ilikuwa imezimuliwa mafuta ya taa ili itoshe, na hewa ya majira yale ilikuwa na unyevu. Hata hivyo, herufi zote zilikauka siku ya pili, isipokuwa neno HIARI. Asubuhi aliligusa, kidole kikatoka chekundu. Akaligusa siku iliyofuata, kikatoka chekundu vile vile.

*

Habari zilienea kwa namna ya ajabu: hakuna aliyezisema. Watu walianza tu kuwa wema.

Jirani wa chumba cha tatu, ambaye hakuwa akisalimiana na Kimya tangu ugomvi wa bomba la maji, alibisha hodi mchana peupe. Alisimama uani akipindapinda kofia yake. "Ndugu yangu," alimwambia Kimya, "yale maneno ya bomba tuyaache. Mimi ndiye niliyekuwa na makosa. Nimekusamehe, nawe unisamehe."

"Yamekwisha," alisema Kimya.

"Sema umenisamehe."

"Nimekusamehe."

Jirani alishusha pumzi, akaondoka haraka kama mtu aliyelipiwa nauli.

Kisha mfagizi akarudisha jembe aliloliazima mpaka mpini ukawa umesahau mwenyewe. Wapishi wa chakula cha wanyama walimwekea Kimya kiti. Wenzake walimpisha njiani. Kasuku, aliyezoea kumwita bubu, gogo, na mume wa mamba, sasa alimwita "kaka", na alipomwita hivyo hakumtazama usoni.

Kimya hakuwa mjinga. Alikuja kibandani wakati wa mapumziko, akasimama mbele ya ule ubao uliogeuziwa ukuta.

"Mke wangu," alisema, "watu wananiaga."

Mama Rangi alikuwa akiosha brashi. Aliendelea kuziosha.

"Ndicho hicho?" aliuliza mumewe.

"Ndicho."

Kimya aliugeuza ubao polepole. Aliyasoma maneno yote bila kubadilika uso. Kisha akaupiga kwa kifundo cha kidole, sehemu moja, sehemu nyingine, akitega sikio kama anayebisha kwa watu anaowaheshimu. Ubao uliitika mlio mkavu.

"Huu ungefaa," alisema.

Akaugeuza tena ukutani, akaenda zake kulisha.

Jioni Bi Mkubwa hakuuliza kitu. Ila alipomgawia mwanawe nyama kutoka sahani yake, kama alivyofanya alipokuwa mtoto, Mama Rangi alijua kwamba naye amekwisha ambiwa.

*

Alfajiri Mama Rangi alisali, akajifunga kanga safi, akaenda ofisini. Meneja alikuwa akizungumza kwenye simu. Kulikuwa na viti viwili vitupu. Hakumwonyesha hata kimoja, naye akabaki amesimama karibu na mlango, mikono imefumbatana tumboni, akisikiliza habari za maturubai na viti vya wageni wa Jumamosi.

"Ee, Mama Rangi. Kibao tayari?"

"Tayari, meneja. Nimekuja kuomba jambo. Ule ubao nilioandikia ni mrefu na ni mgumu. Mimi kibao naweza kukiandika hata kwenye bati kuukuu, nikakipamba mpaka wakadhani ni kipya. Ule ubao tumpe mume wangu aupigilie pale palipooza. Tusingekuwa na haja hata ya kuandika."

Meneja alitabasamu. "Unaona? Ndiyo maana kazi hizi zinagawanywa. Nikiubadilisha ubao mmoja, nimekubali kwamba zilizobaki ni mbovu. Nikiweka kibao, nimesema kweli, na aliyepanda kapanda. Umeelewa?"

"Nimeelewa, meneja. Mume wangu hapandi kwa hiari. Anapanda kwa kuwa ndiyo kazi."

"Kazi nayo ni hiari."

"Na nikisema siwezi kukiweka?"

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. "Kuna vijana wana mashine, wanakutolea bango zima kabla chai haijapoa. Wewe tunakuweka kwa utu. Na zile nyumba ni za watumishi, mama, si za waliokuwa watumishi." Akavuta karatasi zake. "Jumamosi nikipanda pale nataka nikikute kibao kipo jukwaani. Na ukitoka, tazama jina langu hapo mlangoni, herufi ya kwanza imefifia. Ipitishie brashi."

Alitoka. Brashi na kikopo cha rangi vilikuwa mfukoni mwa koti lake la kazi, havimwachi kamwe. Alisimama mbele ya mlango ule uliofungwa nyuma yake, watu wakipita, akaipitishia herufi ya kwanza ya jina la Meneja rangi mpaka ikapendeza. Machozi yalimlenga, lakini mstari haukutetemeka.

*

Ijumaa, jua lilipokuwa utosini na wageni wote wamekimbilia vivulini, Mama Rangi aliushusha ule ubao mezani. Aligusa neno HIARI. Kidole kikatoka chekundu. Akautwika kichwani, akaenda bwawani.

Kimya alikuwa akifagia ngazi. Alipomwona, alisimamisha ufagio.

"Lete mtaimbo na nyundo," alisema mkewe.

"Unakiweka wapi?"

"Ameniambia nikiweke jukwaani. Nakiweka."

Kwa mara ya kwanza tangu siku zile za kuagwa zianze, kona ya mdomo wa Kimya ilicheza. Alikwenda, akarudi na vyuma.

Hakuna sauti iliyosikika bwawani saa ile. Hata ndege wa Kasuku walikuwa wamenyamaza. Maji yalikuwa mazito, ya kijani, hayana hata kiwimbi, na kwenye mchanga mamba wadogo walilala vinywa wazi kama viatu vilivyotupwa. Mahali pa Shangazi palikuwa na alama ya tumbo lake tu.

Walipanda. Mama Rangi hakuwahi kupanda pale. Walipokaribia ukingo, Kimya alimzuia kwa mkono, akamwonyesha: "Usikanyage huo. Piga magoti hapa." Akaingiza mtaimbo. Misumari ilitoka bila ubishi, kama jino la mzee. Ubao uliinuka, na upande wake wa chini ulikuwa mweusi, laini, ukimeguka kama mkate uliolowa. Ulikuwa umebaki ngozi ya juu tu. Mama Rangi aliuona unyayo wa mumewe umechorwa pale juu kwa miaka, wazi, kisigino na vidole, na chini ya unyayo ule hapakuwa na kitu.

"Kumbe ulikuwa unasimama juu ya rangi," alisema.

Ubao ulikatika katikati mikononi mwa Kimya. Kipande kimoja kilianguka.

Hakikufika majini. Maji yalifunguka, taya zikakipokea, zikafumba bila haraka. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama mtu anayekunja karatasi. Kisha Shangazi alikitema, vipande vikaelea, naye akarudi pale pale, akatulia. Macho mawili yalibaki juu ya maji, chini ya lile pengo, yakiwatazama wote wawili. Hayakuwa na hasira. Ndilo lililomtisha Mama Rangi: yalikuwa na subira.

"Mungu wangu na Mola wangu," alisema.

"Shika upande huo," alisema Kimya.

Waliulaza ubao mpya. Ulikuwa mrefu kidogo kuliko zile mbao za zamani, ukatokeza nje juu ya maji. Mama Rangi aliyageuza maandishi yakatazama chini. Alishikilia, Kimya akapigilia, na kila pigo lilipita bwawani likarudi. Alipomaliza, alisimama. Akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili. Akaruka. Mama Rangi alifumba macho.

"Haulii," alisema Kimya.

*

Jumamosi wageni wa tiketi kubwa walikusanyika chini ya turubai, wamevaa miwani ya jua, watoto wao wakiuliza kama mamba ameamka. Watumishi wote walikuja kusimama ukutani. Hakuna aliyewaita. Walivaa nguo safi. Bi Mkubwa naye alikuwa ameshikwa mkono na yule jirani wa bomba, akaketishwa kwenye ngazi ya chini.

Meneja alipanda peke yake kwanza, kutazama. Kimya alimpisha. Meneja alikwenda mpaka ukingoni, akasimama, akageuka huku na huku.

"Mama Rangi! Kibao kiko wapi?"

"Kipo, meneja," alijibu kutoka ngazini. "Kipo jukwaani kama ulivyosema."

"Mbona hakionekani?"

"Umesimama juu yake."

Meneja alitazama viatu vyake. Katikati ya mbao za kijivu, ule mmoja ulikuwa mpya, kama jino la dhahabu kinywani mwa maskini. Uso wake ulibadilika rangi, lakini wageni walikuwa wakitazama, kwa hiyo alitabasamu na kusema kupitia meno: "King'oeni. Sasa hivi."

Kimya alitazama maji. Mfagizi alitazama ufagio wake.

"Nimesema king'oeni!"

"Meneja," Kasuku alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe, "kibao hicho kimetangulia. Bado hakina mwenyewe. Atakayekitoa ndiye amekipokea. Sisi wengine tuna watoto."

"Upuuzi mtupu."

"Ni upuuzi," Kasuku alikubali. Akaokota mtaimbo pale chini, akapanda ngazi mbili, akamnyooshea. "Huu hapa."

Meneja alisogea ngazini akaupokea, kwa kuwa wageni walikuwa wakitazama. Alirudi ukingoni kutafuta pa kuuchomeka. Ili apaone, ilimbidi ainame, akachungulia chini ya ubao ulipotokeza.

Maji yalikuwa yametulia kama kioo. Ndani yake aliona ubao mweupe, na herufi nyekundu zilizopinduka, zikitazama juu kutoka kilindini kana kwamba zimeandikiwa yeye. Aliuona uso wake katikati ya maandishi. Neno moja lilikuwa limechuruzika, mistari myembamba myekundu ikashuka mpaka ikagusa kitu cheusi chenye magamba. Na pale ambapo macho ya uso wake yalipaswa kuwa, palikuwa na macho mengine.

Hakuna aliyejua aliona nini hasa. Walimwona tu akikaa vile ameinama, muda mrefu kuliko unavyohitaji msumari. Chini, Bi Mkubwa alikuwa akiomba, na mwanamke aliyekuwa karibu alisema baadaye kwamba hakumwombea mwanawe. Alimwombea Meneja.

Alinyooka. Aliuweka mtaimbo chini kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Hapa..." alimwambia Kimya kwa sauti ya mtu mwingine, "hapa pana nguvu?"

"Sasa pana."

"Na hizi nyingine?"

"Hizi zinalia kidogo. Pita katikati."

Meneja alipita katikati. Alijaribu kila ubao kwa ncha ya kiatu kabla ya kuukanyaga, mpaka akafika ngazini. "Wageni wasipande leo," alisema bila kumtazama mtu. "Watatazama kutoka ukutani." Jumatatu alitafutwa seremala, na zile mbao ambazo hazikuwapo zikapatikana.

Seremala alibadilisha zote isipokuwa ule mmoja. Kasuku alikuwa amemwahi, akamweleza habari yake.

*

Kibao kile kipo mpaka leo. Kimya husimama juu yake kila siku na ndoo yake, na Shangazi hajarudi kwenye mchanga. Watu wamerudia kumwita Kimya bubu na gogo, na yeye na jirani wameshakosana upya kwa ajili ya bomba lile lile. Meneja hakuja tena kibandani kwa miguu yake. Hutuma mtu.

Mama Rangi anapozunguka kuosha vibao, huanzia langoni na kumalizia bwawani. Vingine vyote huviosha na kuvipaka. Hicho hawezi kukifikia. Hupanda jukwaani, hupiga magoti, hukigonga kwa kifundo cha kidole kama alivyomwona mumewe akifanya, kisha huinamisha sikio. Ubao ni mti, na mti ukikaa juu ya maji una siku zake. Yeye huomba jambo moja tu, kwamba kioze bila kupata mwenyewe, na kwamba siku hiyo awe amesikia mapema.

Jioni Bi Mkubwa hukaa na sufuria limefunikwa mbele yake, akimngoja mkwe wake avue viatu.

"Kimeitikaje?" humwuliza.

"Kikavu, mama."

Ndipo mama hufunua chakula.